Mtoto Barzani, Mtu Mzima Kizimbani

Jumapili iliyopita pasta wetu hapa Goma alihubiri juu ya Daudi. Nilikuwa nimejikalia nyuma, karibu na mlango, nikidhani tutasikia habari za Daudi yule yule wa kila mwaka kisha twende zetu tukale. Kumbe safari hii Daudi kapewa kazi nyingine. Pasta akasema Daudi alimuua Goliathi akiwa kijana mdogo na hakuna aliyemwita mtoto; basi na hawa watoto wapiganaji wa Masisi na Walikale wanaoua watu, wasijifiche nyuma ya umri. "Mwenye kubeba bunduki ni mtu mzima," akasema, "ahukumiwe kama mtu mzima." Kanisa zima likaitika amina. Mama aliyekaa mbele yangu aliitika mara mbili.

Maneno hayo nimeyasikia sokoni, nimeyasikia matangani, na nilikuwa nayameza. Yalipopanda mimbarini yakanikwama.

Kwanza tumalize la Daudi. Kabla ya pambano, Sauli alimvika kijana deraya lake na upanga wake. Daudi akashindwa hata kutembea, akavivua vyote, na Sauli akamwacha avivue. Hapo tu, pasta, mfano wako umeshakufa. Nionyeshe kamanda mmoja wa Lukweti au wa Pinga aliyemwambia mtoto: kama imekuwa nzito, iweke chini uende nyumbani.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mimi ni mtu wa Masisi, najua kwetu mtu mzima ni nani. Ni mwenye shamba lake, mwenye nyumba yake, ambaye akikohoa kwenye barza ya wazee wenzake wananyamaza. Mvulana wa miaka 15 hana hata kimoja. Mwami, chifu wetu, hampimii ardhi. Sheria haimruhusu kuoa kabla ya miaka 18 wala kupiga kura kabla ya miaka 18. Wazee wakikaa kuamua mpaka wa malisho, huyo kijana hutumwa kuleta viti, kisha huambiwa atoke. Hakuulizwa vita vianze lini. Hakuulizwa milima yetu wapewe nani, ile iliyogeuzwa malisho ya ng'ombe wa wakubwa wanaoishi Kinshasa huku baba yake akikodi kipande cha kulima maharage. Maisha yake yote ni mtoto. Anakuwa mtu mzima siku moja tu, siku ya kufungwa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye gari, njia ya Sake kwenda Masisi, ile njia ambayo kila serikali huahidi kuitengeneza. Tukasimamishwa kwenye bariyeri. Kundi gani sisemi, maana makundi yote yana bariyeri na yote yana watoto. Kijana aliyetujia hakufika hata miaka 14. Jetoni, yaani malipo ya kupita, ilikuwa franga 1,000 kwa kila mtu, nasi tulikuwa 11. Alihesabu, akapotea, akaanza upya, akapotea tena. Mwishowe konda akamhesabia zile noti mkononi, na kijana mwenye bunduki akamjibu, "Aksanti papa." Kisha akazipeleka zote kwa mwanaume aliyelala chini ya turubai akitafuna mahindi ya kuchoma. Yule hakuinuka, hata hakututazama.

Sijawahi kusikia mahubiri juu ya mtu wa turubai. Lala salama, ile kodi ya kulala kwa amani, tunamlipa yeye kila mwezi, salongo, ile kazi ya lazima, tunamfanyia yeye, na akija mjini na suti kutia sahihi mapatano ya amani tunamwita mheshimiwa. Hasira zetu zote tunamwekea yule aliyeshindwa kuhesabu 11.

Wapo wanaosema watoto hawa wanajua wanachofanya, kwa sababu wanaweza kufungua kalashnikov na kuifunga tena gizani. Mpwa wangu wa miaka tisa alifungua redio yangu yote na kuirudishia. Nimpeleke chuo kikuu akafundishe uhandisi?

Na tusijidanganye kwamba dawa hii ya kumhukumu mtoto kama mtu mzima haijawahi kujaribiwa. Januari 2000, enzi za ile mahakama ya kijeshi ya Mzee Kabila, mtoto askari wa miaka 14 aliuawa nusu saa baada ya kuhukumiwa. Kadogo huyo kapigwa risasi miaka 25 na zaidi iliyopita. Amani yake mmeiona wapi, Masisi au Walikale? Kisha mwaka 2002 sheria ikaziondolea mahakama za kijeshi mamlaka juu ya mtu yeyote chini ya miaka 18. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 nayo ikasema aliye chini ya miaka 14 hana jinai, na wa kuanzia hapo ambaye hajafika 18 aende kwa hakimu wa watoto, ambaye anaweza kumweka chini ya ulinzi na malezi. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 187, inampa anayemwingiza mtoto katika kundi la silaha kifungo cha miaka 10 hadi 20. Pasta angehubiri kifungu hicho, ningeitika amina mara tatu.

Walikale wanajua kifungu hicho kinavyochelewa kumfikia mkubwa. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, Luvungi na vijiji vya njia ya Kibua hadi Mpofi, watu wasiopungua 387 walibakwa. Sheka, mmoja wa wakuu wa wapiganaji waliofanya hayo, mwaka uliofuata alijiandikisha kugombea ubunge, na picha zake zikabandikwa. Alijisalimisha 2017, akahukumiwa kifungo cha maisha hapa Goma Novemba 2020, na kuwaingiza watoto jeshini lilikuwa miongoni mwa makosa yake. Miaka kumi kumfikia mtu ambaye sura yake ilikuwa ukutani! Lakini wa miaka 15 tunataka tummalize wiki hii, tumtupe Munzenze pamoja na wanaume. Munzenze, lile gereza lililovunjwa Januari 2025 maelfu wakatoka, na wanawake waliokuwa ndani wakabakwa na kuungua moto. Huko ndiko akajifunze utu uzima.

Ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa alisimama akatangaza kikao juu ya kiwanja cha kanisa, kile chenye kesi na jirani. "Watoto watoke," akasema, "haya ni mambo ya wakubwa." Wakatoka vijana wa kwaya, akatoka na mpiga gitaa, ana miaka 17 na ndevu zimeshaanza. Pasta mwenyewe aliwashikia mlango.