Joto linapomdhoofisha konokono, choo ndiyo kinga yetu

TUKIZUNGUMZIA kichocho huwa tunamtaja mgonjwa na dawa. Leo tumtazame konokono wa majini, maana bila yeye ugonjwa huu hausambai.

Mayai ya minyoo ya kichocho hutoka katika kinyesi au mkojo wa mgonjwa. Yakiingia ziwani, mtoni au bwawani huanguliwa, na vimelea humwingia konokono. Humo huzaliana hadi kufikia maelfu, kisha hurudi majini na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua, anayevua au anayelima mpunga.

Si kila konokono huambukizwa. Wapo ambao chembe zao za kinga humzingira kimelea na kumuua. Ndiyo maana baadhi ya wanasayansi wanapendekeza konokono sugu wasambazwe ili kupunguza ugonjwa. Lakini kinga hiyo ina udhaifu wake. Utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa konokono sugu waliowekwa kwenye maji ya nyuzi joto 32 waliambukizwa, ilhali wale wa nyuzi 25 walibaki salama. Kweli, majaribio mengine hayakupata matokeo hayo, na joto likizidi sana konokono wenyewe hufa. Hata hivyo, dunia inazidi kupata joto. Si busara kuegemeza afya zetu kwenye kinga ya konokono.

Wala dawa peke yake haitoshi. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii maambukizi mapya. Mtoto wa Ukerewe aliyemeza dawa shuleni asubuhi anaweza kuambukizwa tena jioni akienda kuteka maji.

Maoni yangu ni haya: konokono, awe sugu au dhaifu, hawezi kutuambukiza kama hatukumpelekea mayai. Kwa hiyo halmashauri zenye maziwa na mabonde ya mpunga zitenge fedha za vyoo kwenye mialo na mashambani, pamoja na maji ya bomba. Wavuvi na wakulima nao wapewe dawa, si wanafunzi tu.

Nawe msomaji, usijisaidie majini wala kando ya maji. Maji ya ziwa ya kuogea yahifadhi kwenye chombo safi kwa siku mbili, vimelea vife. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, usisubiri. Nenda zahanati ukapimwe.