Japani na nyuklia: Maoni ya wananchi yana uzito gani?

MSEMO kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji hupendwa mno na viongozi wanapochoshwa na malalamiko ya raia. Nchini Japani, msemo huo umekuwa ukitiwa kwenye mizani kwa takriban miaka 30, na suala ambalo limeupima kuliko mengine yote ni vinu vya nyuklia.

Yapo mafunzo mawili makubwa, na yote yametoka katika mkoa mmoja, Niigata, ulioko pwani ya magharibi ya kisiwa kikuu cha Honshu. La kwanza ni la mwaka 1996, wakazi wa mji mdogo walipopiga kura na kuzuia kinu kisijengwe kwao. La pili ni la mwaka 2025, watu zaidi ya 140,000 waliokuwa wametia saini wakidai kura kama hiyo waliponyimwa.

Anayetaka kujua ni lini sauti ya mwananchi huwa na nguvu na ni lini huwa kelele tu, na ayatazame matukio hayo mawili kwa makini.

Mji wa Maki ulikuwa na wakazi wapatao 30,000. Kwa miaka mingi kampuni ya umeme ya Tohoku ilikuwa na azma ya kujenga kinu kwenye ufuo wake, na meya aliyekuwa madarakani aliunga mkono mpango huo. Mapema mwaka 1995, wakazi waliamua kujiandalia kura yao wenyewe bila idhini ya baraza la mji. Watu zaidi ya 10,000 walijitokeza, na karibu wote wakaukataa mradi.

Ikaanzishwa harakati ya kumng'oa meya, naye akajiuzulu kabla ya mwaka huo kumalizika. Mnamo Januari 1996 nafasi yake ilitwaliwa na Takaaki Sasaguchi, mtengenezaji wa pombe ya mchele, aliyetaka suala hilo liamuliwe na wakazi.

Kura rasmi ilipigwa Agosti 4, 1996, ikiwa kura ya maamuzi ya kwanza ya aina yake nchini humo kuhusu nyuklia. Asilimia 88 ya wapigakura walifika vituoni. Waliokataa kinu walikuwa 12,478, nao waliokikubali walikuwa 7,904.

Itakumbukwa kwamba kura hiyo haikuwa na nguvu za kisheria za kuilazimisha kampuni wala serikali kuu. Meya Sasaguchi alilifahamu hilo vyema. Mwaka 1999, aliuza kipande cha ardhi ya mji kilichokuwa ndani ya eneo la mradi, akawauzia wakazi waliokuwa wakiupinga. Waliotaka kinu walikwenda kortini kubatilisha mauzo hayo, wakashindwa hadi katika Mahakama ya Juu. Hatimaye, mnamo Desemba 2003, kampuni ilitangaza kuwa imeachana na mpango huo.

Maki ilishinda kwa sababu tatu. Watu waliulizwa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Walioulizwa ndio ambao wangelala na kuamka kando ya kinu. Na baada ya kujibu, walikuwa na kitu mkononi cha kulilinda jibu lao, yaani ardhi.

Hali ilikuwa tofauti kabisa baada ya msiba wa Machi 11, 2011. Siku hiyo tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilizua mawimbi ya tsunami yaliyofagia pwani ya kaskazini mashariki, na watu zaidi ya 18,000 wakafa au kutoweka. Katika kituo cha Fukushima Daiichi, mitambo ya kupoza vinu ilikosa umeme na vinu vitatu vikayeyuka. Watu zaidi ya 160,000 walihama makwao. Umeme uliokuwa ukizalishwa hapo haukuwa wa Fukushima, bali ulikuwa ukipelekwa Tokyo na viunga vyake.

Katika msimu wa kiangazi wa mwaka 2012, serikali ya Waziri Mkuu Yoshihiko Noda iliwaalika wananchi watoe maoni kuhusu kawi ya siku za usoni. Yaliwasilishwa maoni yapatayo 89,000, na karibu tisa katika kila kumi yalitaka nyuklia ikomeshwe kabisa. Kila Ijumaa jioni, waandamanaji walikusanyika mbele ya ofisi ya Waziri Mkuu. Septemba mwaka huo, serikali ikatangaza azma ya kufikia hali ya kutotumia nyuklia katika miaka ya 2030.

Azma hiyo haikudumu. Desemba 16, 2012, chama cha Liberal Democratic Party, ambacho hakikuunga mkono kuachana na nyuklia, kilitwaa viti 294 kati ya 480 vya bunge la chini.

Je, Wajapani walibadili nia kwa miezi mitatu? La hasha. Kura za maoni ziliendelea kwa miaka mingi kuonyesha kwamba wengi walipinga kuwashwa upya kwa vinu. Ukweli ni kwamba mpigakura katika uchaguzi mkuu huulizwa maswali mengi kwa mkupuo mmoja, kisha huruhusiwa jibu moja tu. Uchumi ulikuwa umedorora na chama tawala kilikuwa kimewakinaisha watu kwa mizozo ya ndani. Aliyepinga nyuklia lakini akahofia kazi yake alipiga kura kwa ajili ya kazi yake.

Hapo pana somo kwa kila nchi yenye demokrasia ya uchaguzi. Mshindi hupenda kudai kwamba wananchi wameidhinisha kila ukurasa wa manifesto yake, ilhali wengi wao waliidhinisha ukurasa mmoja na kuvumilia iliyobaki.

Hata hivyo, itakuwa makosa kudai kwamba maoni ya Wajapani yalipuuzwa kabisa. Kabla ya msiba, nchi hiyo ilikuwa na vinu 54 vilivyotoa takriban asilimia 30 ya umeme wake. Kuanzia Septemba 2013 hadi Agosti 2015 hakuna hata kimoja kilichofanya kazi. Hadi mwisho wa mwaka 2025, vilivyokuwa vimewashwa upya ni 14 tu.

Kilichovizuia si maandamano ya Tokyo peke yake. Kwa desturi iliyojengeka nchini humo, kinu hakiwashwi upya bila ridhaa ya gavana wa mkoa na ya manispaa kilipo. Aidha, mahakama zilifungua mlango. Mnamo Machi 2016, mahakama ya wilaya ya Otsu iliamuru vinu vya Takahama visimamishwe, na kimojawapo kilikuwa kikifanya kazi wakati huo. Machi 2021, mahakama ya wilaya ya Mito ilizuia kituo cha Tokai Nambari 2 kisiwashwe, ikisema kuwa mipango ya kuwahamisha watu zaidi ya 900,000 wanaoishi umbali wa kilomita 30 haikutosha. Baadhi ya maamuzi kama hayo yalibatilishwa baadaye katika rufaa, lakini yaliwapa raia wa kawaida mahali pa kusikizwa.

Mgala muue na haki umpe. Serikali ya Japani nayo ina hoja. Nchi hiyo haina mafuta wala gesi ya kutosha na hulazimika kuagiza karibu yote kutoka ng'ambo. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei zilipanda na familia zikahisi uchungu katika bili zao. Mwaka mmoja baadaye, kura ya maoni ya gazeti la Asahi iliwapata asilimia 51 wakiunga mkono kuwashwa upya kwa vinu na asilimia 42 wakipinga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kwa wanaounga mkono kuwazidi wanaopinga katika kura za gazeti hilo.

Kwa hivyo, kiongozi hawezi kulaumiwa kwa kutoyafuata milele maoni ya mwaka 2012. Mpango mpya wa kawi ulioidhinishwa Februari 2025 uliondoa ahadi ya kupunguza utegemezi wa nyuklia kadiri iwezekanavyo. Mpango huo unalenga nyuklia itoe takriban asilimia 20 ya umeme ifikapo mwaka 2040.

Swali gumu ni hili: ni maoni ya nani yanayohesabiwa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkazi wa Tokyo anayeunga mkono kinu hukiunga mkono kikiwa mbali naye.

Hapo ndipo tunaporudi Niigata. Mkoa huo una kituo cha Kashiwazaki-Kariwa chenye vinu saba, ambacho ndicho kikubwa zaidi duniani kwa uwezo wa kuzalisha umeme. Mmiliki wake ni TEPCO, kampuni ile ile iliyoendesha Fukushima Daiichi, na umeme wake hupelekwa katika eneo la Tokyo. Mnamo Julai 2007, tetemeko lilikitikisa kituo hicho na transfoma ikawaka moto. Tangu mwaka 2012 vinu vyake vyote vilikuwa vimezimwa.

Mpango wa kuviwasha ulipokaribia, wakazi walikusanya saini zaidi ya 140,000 wakitaka kura ya maamuzi. Mnamo Aprili 2025, bunge la mkoa lilikataa ombi hilo. Baadaye mwaka huo, uchunguzi wa mkoa wenyewe ulionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya wakazi hawakuona kuwa masharti ya kuwasha vinu yametimizwa. Novemba, Gavana Hideyo Hanazumi alitangaza kuridhia. Badala ya kurudi kwa wananchi, alilitaka bunge la mkoa limpe kura ya imani, nalo likampa mnamo Desemba.

Kisheria hakuna lililoharibika. Gavana alichaguliwa, na wabunge wa mkoa vilevile walichaguliwa. Lakini tofauti na Maki iko wazi. Huko wananchi waliulizwa swali moja na wakalijibu wenyewe. Safari hii swali lilihamishwa kutoka kwa wakazi likapelekwa kwa watu waliochaguliwa kwa sababu nyinginezo nyingi. Vinu vilikuwa vimeshajengwa, na wakazi hawakuwa na kipande cha ardhi cha kulinda jibu lao.

Wavuvi wa Fukushima wanaijua hali hiyo. Mwaka 2015, serikali na TEPCO ziliwaahidi kwa maandishi kwamba maji yaliyosafishwa katika kituo kilichoharibika hayangetupwa bila kwanza kupata maelewano na wahusika. Agosti 24, 2023, maji hayo yalianza kumwagwa baharini huku vyama vya wavuvi vikiendelea kupinga.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) lilikuwa limesema mwezi Julai kwamba mpango huo unaafiki viwango vya kimataifa vya usalama. Huenda sayansi iko upande wa serikali. Ila ahadi haikuhusu sayansi, ilihusu maelewano. Uchina ilipiga marufuku samaki wote kutoka Japani siku ile ile, na aliyebeba hasara ya sifa mbaya ni yule ambaye neno lake halikutosha kusimamisha bomba. Maji yakimwagika hayazoleki, na imani ya watu ni vivyo hivyo.

Mambo haya si ya Wajapani peke yao. Kenya nayo ina ndoto ya kujenga kinu chake cha kwanza cha nyuklia. Kwa miaka kadhaa, eneo lililolengwa lilikuwa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi, karibu na mkondo wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, mahali ambapo wengi huishi kwa uvuvi na utalii. Wakazi walipinga, na mwaka 2024 maandamano yao yalikabiliwa na polisi. Mwaka 2025, Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ikaanza kutajwa kuwa makao mapya ya mradi huo.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na inaitaka serikali iuhimize katika utunzaji wa mazingira. Hata hivyo, kila aliyewahi kuhudhuria vikao vya kukusanya maoni anajua jinsi mambo huenda. Watu huketi chini ya hema, maafisa hueleza manufaa, orodha ya waliohudhuria hutiwa saini, kisha saini hizo hutumiwa kama ushahidi kwamba jamii imekubali.

Si nia ya makala haya kuamua kama nyuklia ni nzuri au mbaya. Nchi inayotaka viwanda inahitaji umeme wa kutosha, na wapo wataalamu waadilifu katika pande zote mbili. Linalodaiwa hapa ni utaratibu, na utaratibu wenyewe si mgumu.

Kwanza, wakazi wa Siaya, au wa mahali popote patakapochaguliwa, waulizwe kabla ya ardhi kupimwa na mikataba kutiwa saini. Pili, waulizwe swali moja lisilochanganywa na siasa za vyama wala ahadi za barabara na zahanati ambazo ni haki yao hata bila kinu. Tatu, ielezwe waziwazi ni watu wangapi watahamishwa ajali ikitokea, kwa njia zipi, na nani atalipa. Mahakama ya Mito iliona kwamba hata Japani, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na jibu la kutosha kwa swali hilo.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kabla ya kikao cha kwanza kufunguliwa, iandikwe na kutangazwa ni nini kitakachofuata iwapo wakazi watasema hapana. Ikiwa mradi utaendelea vilevile, basi waambiwe hivyo mapema, ili mvuvi aamue mwenyewe kama ni heri kwenda kikaoni au kwenda ziwani kutega nyavu zake.