Kibao Chenye Majina Mawili

Ukiingia Stężyca, kata ya mashambani kaskazini mwa Poland, kibao cha kijani kinakupa jina la Kipolandi juu, na chini yake la Kikashubi, lugha ya wenyeji: Stãżëca. Wajerumani walipaita Stendsitz, lakini hilo hulioni kibaoni. Jirani ni Szymbark, kijiji chenye nyumba iliyojengwa paa likiwa chini. Hicho nacho Wajerumani walikiita Schönberg. Prussia iliimeza nchi hii mwaka 1772, nayo nchi ikarudi Poland 1920, kisha 1939 wakaja Wanazi. Leo sheria ya Poland ya 2005 inaruhusu jina la ziada kwa lugha ya jamii ya wachache pale jamii hiyo inapofikia asilimia 20 ya wakazi, au wakazi wakiulizwa wakakubali, na gharama ya vibao hubebwa na serikali. Ila majina yaliyobandikwa na watawala wa Kinazi au wa Kisovieti kati ya 1933 na 1945 ni marufuku. Hapo naafiki. Wanaonikera ni wale wa Opole, kusini, waliopaka rangi vibao vya Kijerumani vilivyowekwa kihalali, kana kwamba jirani Mjerumani anayelipa kodi kama wao ni mgeni aliyefika jana.