Wiki moja tu kabla ya katapila

Wadau, Jumamosi nilishuka Kariakoo kutafuta mashati mawili ya kuendea mazoezi ya kufundisha. Nikakatiza Mtaa wa Swahili (nyumba yenyewe ya Kiswahili siku hizi uitafute kwa tochi), nikakuta kiwanja kimezungushiwa mabati. Mwenzenu nikiona tundu kwenye bati lazima nichungulie. Shimo la msingi limekwenda chini hasa, katapila linachota. Kwenye ukuta wa shimo udongo umepangana tabaka tabaka, na michirizi miwili myeusi imeshuka wima. Nikamuuliza kijana wa pale ni nini. "Uchafu tu huo, braza." Kijiko kikashuka, kwisha habari.

Sisemi zilikuwa nguzo za nyumba ya kale. Pengine ni choo cha mzee fulani wa mwaka 1950. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyetaka kujua.

Sisi tumezoeshwa kuiona historia kwenye mawe. Kilwa mawe, Kunduchi mawe, Zimbabwe Kuu mawe. Sasa nyumba ya msonge, ya miti na nyasi, ikioza inaacha nini? Madoa, jamani! Kila mti uliochimbiwa huacha duara dogo la udongo mweusi. Yaunganishe maduara hayo utaona ukubwa wa nyumba, mlango ulitazama wapi, moto uliwashwa wapi. Handaki lililoizunguka nalo hujaa polepole, tope juu ya tope, pamoja na vigae na mifupa ya walichokula wenye nyumba. Vitu hivyo husomwa kwa mwiko na brashi, si kwa kijiko cha katapila.

Nendeni Bigo bya Mugenyi, Uganda. Hakuna kuta za mawe pale. Kuna mahandaki yaliyochimbwa kwa mikono, jumla zaidi ya kilometa 10, mengine yamekatwa mpaka kwenye mwamba. Peter Shinnie alichimba mwaka 1957, Merrick Posnansky akafuata 1960. Ndiyo maana leo tunaweza kuzungumzia wafugaji wa ng'ombe walioishi pale kama karne ya 14 hadi ya 16, na kulinganisha makao yale na ya wafalme wa Ankole. Lingetangulia katapila mwaka 1956, tungebaki na hadithi za Wachwezi tupu.

Najua mtanijibu Kariakoo ni ya juzi, jina lenyewe limetokana na kambi ya wapagazi wa Waingereza baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Sawa, jina ni la juzi. Udongo je? Mzizima ilikuwepo kabla ya Sultani Majid kuanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Tunasema chini hakuna kitu kwa kuwa hatujachimba, na hatuchimbi kwa kuwa tumesema hakuna kitu!

Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Nayo ina kituko chake: mstari wa kulinda moja kwa moja iliuweka mwaka 1863, kwa hiyo mji wa Majid umeponyoka kwa miaka michache tu, labda kitu kitangazwe maalumu. Nani atangaze doa jeusi?

Wenye viwanja watalia kwamba muda ni pesa. Jamani, vibali vyenyewe mnavisubiri miezi. Wiki moja tu! Mlimani akiolojia inafundishwa tangu miaka ya 1980, vijana wanahitaji mahali pa kujifunzia. Wapeni kofia ngumu na ngazi, washuke, wapime, wapige picha, watoke. Mkijenga ghorofa kumi baadaye hakuna atakayewauliza.

Mashati nilipata. Wiki chache zijazo nitasimama mbele ya Kidato cha Kwanza niandike ubaoni VYANZO VYA HISTORIA, na cha tatu au cha nne kitakuwa akiolojia. Lazima atatokea mmoja wa dawati la nyuma aulize, "Mwalimu, wewe umewahi kuiona?" Nitamwambia ndiyo, Kariakoo, kwenye tundu la bati, kama dakika mbili hivi.