Fimbo ya Machungani

Siku hizi kijana wa Kasoli akikata vipande viwili vya mti, akaviunga kwa mnyororo na kuvizungusha mpaka ajigonge kisogoni, huitwa mwanasanaa. Mdogo wake anayerudi machungani na fimbo ya mkole begani huitwa mshamba. Wanaosema hivyo si watoto tu. Wamo pia watu wazima waliosoma, na ndio ninaogombana nao hapa.

Hicho kinachozungushwa ni nanchaku, silaha ya visiwa vya Okinawa. Haikutufikia kwa mwalimu, ilitufikia kwa sinema, hasa zile za Bruce Lee za mwaka 1972 na 1973. Husimuliwa eti wakulima wa Okinawa walinyang'anywa panga, ndipo wakageuza zana za shamba kuwa silaha. Hadithi tamu! Lakini wanahistoria wengi wanaitilia shaka, maana mabingwa wa kale wanaojulikana kwa majina wengi wao walikuwa watumishi wa ufalme, si wakulima. Basi wenzetu wanatukuza fimbo ya mkulima ambayo huenda haikuwapo, na sisi tunaibeza ya mchungaji tunayoiona kila jioni.

Tena Wajapani wana fimbo tupu, isiyo na mnyororo wala chuma. Huitwa jo, urefu wake kama sentimita 128. Chuo chake humtaja Muso Gonnosuke wa karne ya 17, ambaye yasemekana alishindwa na bingwa wa upanga Miyamoto Musashi, akaenda kutafakari, akarudi na fimbo hiyo. Polisi wa Tokyo wamefundishwa kuitumia. Nani amewaita washamba?

Sasa tazama fimbo yetu. Mti huchaguliwa ungali mbichi, hunyooshwa kwa moto, huachwa ukauke taratibu usije ukapasuka. Kwa fimbo hiyo mtoto wa miaka kumi huongoza ng'ombe wakubwa kuliko yeye mara nyingi, hupima kina cha mto masika, huua nyoka, humkabili fisi. Ng'ombe wakishiba, wachungaji huchezeana fimbo. Hapo ndipo tulipofundishwa kukinga kabla ya kupiga, na kutompiga kamwe aliyeangusha yake. Aliyekiuka alitengwa na wenzake, akachunga peke yake hadi wakubwa waseme basi. Kama hicho si chuo, chuo ni nini? Au ni lazima kiwe na mkanda mweusi?

Nitajibiwa kwamba fimbo inaua. Ni kweli, wala sifichi. Sungusungu walipoanza huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, walirudisha ng'ombe wengi walioibwa. Lakini wapo pia watu waliopigwa bila kusikilizwa, na wapo waliokufa. Hadi leo mtu akipigiwa kelele za mwizi, kila apitaye huokota fimbo. Lakini mtazame huyo apitaye: hajui kukinga wala kuacha, na aliyeanguka ndiye anayempiga zaidi. Huyo hakulelewa na fimbo. Ukimfundisha kijana kwamba fimbo ni ushenzi, siku atakapoishika ataishika kishenzi.

Wenzetu wa Lamu huicheza kirumbizi, bakora kwa bakora, mbele ya watu na kwa mdundo wa ngoma. Makunduchi, Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, kisha hukaa wakala pamoja. Huko hakuna anayeona haya.

Hata huko Okinawa nusura mambo haya yapotee. Mtu mmoja, Taira Shinken, aliyefariki mwaka 1970, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwaendea wazee waliojua mitindo ya fimbo na silaha nyingine, akajifunza kwao, akaiandika. Hakungoja sinema imsifie kwanza.

Kwetu wazee wa namna hiyo bado wapo, ila wanapungua kila mwaka. Walimu wa michezo wanatafuta fedha za kununua mavazi meupe ya karate. Daftari na kalamu ni rahisi zaidi, na mzee aliyechunga miaka hamsini hadai ada. Waanzie kwake, tena kabla ya masika yajayo.