Moto, Maji na Rutuba: Somo Lianzie Ngitilini

Mara nyingi somo la msitu hufundishwa kwa vipande visivyoonana. Leo moto, nao huelezwa kuwa ni adui. Wiki ijayo maji. Baadaye rutuba ya udongo. Mifano nayo hutolewa katika misonobari ya nchi za baridi. Matokeo yake mwanafunzi hukariri mambo matatu asitambue kwamba ni jambo moja. Maoni yetu ni kwamba, katika shule za Mwanhuzi na Meatu yote, somo hili halina budi kuanzia ngitilini.

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi. Tangu mwaka 1986 hadi 2004, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulitumia utaratibu huo kurudisha miti mkoani Shinyanga, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa pamoja na Meatu.

Wanafunzi watembee kutoka mwinukoni hadi bondeni. Juu watakuta kichanga cha luseni, kinywacho maji upesi. Chini watakuta udongo mweusi wa mbuga, uvimbao ukilowa na kupasuka ukikauka. Mvua huteremsha maji na rutuba, na palipo na rutuba na unyevu nyasi hushamiri. Nyasi hizo zikikauka ndizo kuni za moto mkali, na moto mkali huua miche. Nitrojeni hupotea pamoja na moshi. Fosforasi na kalsiamu hubaki katika majivu, ambayo mvua ya kwanza huweza kuyasomba. Migunga mingi hurudisha nitrojeni kwa msaada wa bakteria walio katika vinundu vya mizizi yake. Hivyo maji hulea nyasi, nyasi hulisha moto, na moto huamua miti ipi ikue.

Ushahidi hauko mbali. Katika Serengeti, baada ya ugonjwa wa sotoka kutoweka miongoni mwa nyumbu katika miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka robo milioni hivi hadi kupita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi, moto ukapungua, na miti ikaongezeka.

Wako watakaosema kwamba vifaa hakuna. Makopo matatu yaliyotobolewa kwa msumari yatosha: kila moja litiwe udongo wa aina yake na maji ya kipimo kimoja, kisha wanafunzi wahesabu muda wa maji kupita. Kamba ya mita nne ifanywe mraba, na miche ihesabiwe mahali palipoungua na pasipoungua. Mwalimu asiwashe moto wowote porini kwa ajili ya somo.

Tukumbuke kwamba mtoto tumfundishaye asubuhi ndiye achungaye ng'ombe jioni, na pengine ana kiberiti mfukoni. Ngitili ikiungua mwezi Agosti, mifugo haina malisho hadi mvua zirudi. Kumwambia tu kwamba moto ni mbaya hakumzuii. Akiisha kuona kwa macho yake moto unachukua nini na unaacha nini, ataweza kuamua kwa akili.

Baada ya hapo misonobari ifundishwe. Mwanafunzi aliyeielewa ngitili hatashangaa kusikia kwamba Marekani iko misonobari ambayo koni zake hungoja joto la moto ndipo zifunguke na kumwaga mbegu.