Mfugaji Asiadhibiwe kwa Kusema Kweli



Katika vilima vya Djugu, katika nyanda za Irumu na kando ya Ziwa Albert, akiba ya familia haikai benki. Inakaa zizini. Mbuzi wawili ni karo ya muhula. Nguruwe mmoja aliyenona ni gharama ya hospitali mama anapojifungua. Ng'ombe ni mahari, ni deni lililolipwa, ni mtaji wa kuanza upya baada ya kukimbia vita. Kwa hiyo ugonjwa unapoingia zizini, unaangamiza pamoja na mifugo shule, matibabu na ndoa za watu. Nyumba ikishika moto, majirani huja mbio na ndoo za maji. Zizi likiteketea kwa ugonjwa, mara nyingi huteketea kimya.

Ukimya huo ndio tunaotaka kuutafakari pamoja nanyi. Tunasikia mara kwa mara kwamba wafugaji wanaficha magonjwa, kwamba wanauza nyama ya mnyama mgonjwa, kwamba hawapendi kuhesabiwa. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba tumeuacha ukweli uwe ghali kuliko uongo. Serikali inaweza kuandika mpango mzuri wa kupambana na milipuko, ikautia muhuri na kuufungia kabatini. Usipobadilisha hesabu anayoipiga mfugaji usiku ule anapomwona mnyama wa kwanza akitetemeka, mpango huo hautamfikia.

Tuipige hesabu hiyo pamoja naye. Akienda kutoa taarifa, zizi lake litawekwa karantini, soko la karibu litafungwa, majirani watamlaumu kwa kufungwa kwa soko, na huenda wanyama wake wakauawa na kufukiwa bila yeye kupewa hata franka moja. Akinyamaza, anaweza kumwita mchuuzi usiku, akamuuzia wale ambao bado wanasimama, na kupata walau sehemu ya mali yake. Kufikia alfajiri nyama imepakiwa kwenye pikipiki, na ugonjwa umekwisha kuingia Bunia. Mfugaji huyu hana uovu kuliko sisi. Ni mzazi mwenye watoto, aliyewekewa mbele yake njia mbili, na njia iliyo ya haki ndiyo inayomfilisi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, ila hapa kifo hakimuumbui yeye peke yake. Magonjwa yanayotuzunguka hayalingani, na kila moja linadai tahadhari yake. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haimdhuru binadamu, lakini inaweza kumaliza nguruwe wote wa kijiji kwa siku chache. Virusi vyake hudumu katika nyama, katika mabaki ya jikoni na hata katika tope la viatu. Mfugaji wa kwetu hana chanjo yake. Sotoka ya mbuzi na kondoo, kinyume chake, ina chanjo nzuri: dozi moja humkinga mnyama kwa miaka mitatu au zaidi, na tangu mwaka 2015 mataifa yameazimia kuufuta ugonjwa huo duniani ifikapo mwaka 2030. Mbuzi anayekufa kwa sotoka, basi, amekufa kwa ugonjwa ambao kinga yake ipo.

Kimeta ni jambo jingine, kwa maana kinaua mnyama na mtu. Mwezi Aprili 2025, katika Hifadhi ya Virunga, viboko na nyati wasiopungua hamsini walikufa kwa kimeta, na mizoga ya viboko ikaonekana ikielea katika mto Ishasha na katika Ziwa Edward. Mahali pale si mbali nasi kama ramani ya majimbo inavyotudanganya. Maji ya Ziwa Edward hutoka kwa mto Semliki, na Semliki hupita katika nyanda za Irumu hadi Ziwa Albert. Vijidudu vya kimeta hukaa ardhini miaka mingi vikisubiri. Mzoga unaopasuliwa ili familia isikose kila kitu unaweza kuwaua waliokula, na kuyaharibu malisho ambayo wajukuu wao watachungia.

Kuna hatari nyingine ambayo katika Ituri hatuwezi kuitaja kwa kunong'ona. Ng'ombe wanapokufa ghafla na hakuna anayejua sababu, uvumi huja kabla ya daktari: kwamba jirani wa kabila jingine ameweka sumu malishoni. Katika nchi ambayo mifugo imeibwa na kuuawa kama sehemu ya vita, tangu mwaka 1999 na tena tangu mwisho wa 2017, uvumi wa namna hiyo unaweza kuzaa msiba kuliko ugonjwa wenyewe. Maabara kuu ya mifugo ya taifa iko Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kutoka hapa. Sampuli ikisafiri mbali hivyo, jibu huchelewa. Chuki huwa haichelewi. Ndiyo maana tunasema kwamba maabara ndogo hapa Bunia, yenye uwezo wa kutambua kimeta, sotoka na homa ya nguruwe, ni chombo cha amani sawa na mkutano wa wazee. Karatasi inayosema kwamba ng'ombe hawa waliuawa na ugonjwa inaweza kuzuia panga lisitolewe alani. Ugonjwa hauulizi kabila la mwenye zizi. Chanjo nayo isiulize.

Je, tunaomba hisani? La. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 204, inayakabidhi majimbo kazi ya kuandaa kampeni za afya ya mifugo na za chanjo, kusimamia vituo vya karantini mipakani, na kupanga maabara na zahanati za mifugo. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu binafsi: hawezi kunyang'anywa isipokuwa kwa manufaa ya umma, na kwa fidia ya haki inayotolewa kabla. Tuviweke vifungu hivi viwili pamoja. Mnyama anayeuawa ili kuwaokoa wanyama wa wilaya nzima anauawa kwa manufaa ya umma. Kwa nini basi hasara yote imwangukie mtu mmoja, na hasa yule aliyetuonya?

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni kwamba nchi iko vitani, na kwamba tangu Mei 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Je, ni wakati wa kuzungumzia mbuzi? Historia ya jirani zetu inajibu. Sotoka ya ng'ombe iliingia Afrika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikateketeza mifugo kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini kabisa, na njaa ikafuata nyuma yake. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba ugonjwa huo umefutwa. Msingi wa ushindi huo ni chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Lakini chanjo hiyo ilihitaji jokofu, na vijiji vilivyokuwa na ugonjwa havikuwa na umeme wala barabara. Ikaboreshwa ili ivumilie joto, kisha wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja. Katika kusini mwa Sudan, vita vikiendelea, ng'ombe zaidi ya milioni moja walichanjwa mwaka 1993. Risasi hazikusubiriwa zinyamaze. Aliyeweza kufika kwenye kambi ya ng'ombe alikuwa mfugaji mwenyewe, naye ndiye aliyepewa sindano.

Jibu la pili ni kwamba hakuna fedha. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoishambulia Uingereza, wanyama zaidi ya milioni sita waliuawa, na serikali ikawalipa wafugaji fidia ya zaidi ya pauni bilioni moja. Hatuombi hazina ya Uingereza. Tunauliza ziendako fedha ambazo mfugaji wa Ituri tayari analipa: kodi ya soko la mifugo, kodi ya machinjio, na malipo ya vizuizi vya barabarani, yenye risiti na yasiyo na risiti. Sehemu ya kodi halali iwekwe katika mfuko wa jimbo wa fidia na chanjo, na hesabu yake isomwe hadharani kila miezi mitatu. Tanzania, ilipozindua kampeni yake ya chanjo mwezi Juni 2025, iliamua kwamba serikali ibebe nusu ya gharama ya chanjo ya ng'ombe na ile ya kuku wa asili itolewe bure. Kenya, kwa upande wake, ilitangaza nia ya kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, ikakutana na wafugaji wengi waliokuwa na mashaka. Fedha zinahitajika, na imani nayo inahitajika. Sisi tulioishi na Ebola kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ikaondoka na roho 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, tunajua kwamba magari mengi na mavazi meupe hayawezi kitu mahali ambapo watu hawajaaminiana.

Jibu la tatu ni kwamba fidia italeta udanganyifu: watu watadai wanyama ambao hawakuwahi kuwa nao. Hofu hii ni ya haki na ina dawa. Mifugo iandikishwe wakati wa chanjo, mbele ya mkuu wa kijiji na mashahidi wawili, asiyeandikisha asidai. Fidia isiwe bei kamili ya soko, isije ikamvutia mtu kutafuta ugonjwa. Hata hivyo izidi ile bei ya usiku anayoitoa mchuuzi ajuaye siri. Zaidi ya yote, ilipwe upesi. Nusu ya bei inayotolewa ndani ya wiki mbili itaokoa mifugo mingi kuliko bei nzima iliyoahidiwa kwa mwaka ujao.

Kwa hiyo tunayoyadai kwa wakuu wa jimbo ni machache na yanawezekana: chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo katika wilaya zote tano, Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa, bila kuruka kijiji kwa sababu ya jina lake, mhudumu wa afya ya mifugo katika kila kundi la vijiji, aliyechaguliwa na wenyeji na kulipwa, maabara ndogo Bunia, ukaguzi wa kweli wa mifugo katika mipaka ya Aru na Mahagi na katika bandari za ziwa, na mfuko wa fidia wenye sheria inayoeleweka na kila mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumekwisha kujenga kuta za kutosha katika jimbo hili.

Nanyi vijana, msingoje mfuko huo uundwe ndipo muanze. Wengi wenu mnajua kuandika kuliko wazazi wenu wanaochunga. Wekeni daftari la kijiji: mnyama gani amekufa, lini, kwa dalili zipi, wangapi wamebaki. Taarifa iliyoandikwa kwa tarehe, ikipelekwa na kikundi, haiwezi kupuuzwa kirahisi kama sauti ya mzee mmoja, wala haimwachi mtu mmoja alaumiwe peke yake. Waelezeni watu wa nyumbani kwamba mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa damu puani au mdomoni, hapasuliwi wala haliwi. Anafukiwa shimo refu pale pale, na daktari wa mifugo anaitwa. Msinunue nyama kwa sababu tu ni rahisi mno. Kikundi kinachomchangia jirani aliyefukia ng'ombe wake badala ya kuwauza kwa siri kimekwisha kuanza, kwa kiasi kidogo, kile tunachokidai kwa serikali.

Kwa mazungumzo ya vikundi tunapendekeza maswali matatu. Kijijini kwenu, mnyama akiugua leo, ni nani wa kwanza kuambiwa, na kwa nini ni huyo? Aliyetoa taarifa mara ya mwisho alipata nini? Na kama zizi lingekuwa la baba yako, ungemshauri aseme au anyamaze? Jibuni la tatu kwa unyofu. Ikiwa jibu la kweli ni «anyamaze», mtajua kazi iliyo mbele yetu ni kubwa kiasi gani, na ni nani wa kwanza kuulizwa.